Nani Atakutazama Mgongo

Mwanangu Nyemo,

Barua hii nimeikunja ndani ya ile kofia ya kijani yenye ukingo mpana, ambayo najua hutaivaa kabla ya Tabora kwa sababu unasema inakufanya ufanane na mwavuli. Ukiikuta mapema isome mapema, ila usinipigie simu ndani ya basi ukilia, watu watadhani umefiwa. Sasa hivi wewe na Rehema mko sokoni Majengo mnatafuta ndoo yenye mfuniko. Baba yako yuko shambani anamalizia kupogoa mizabibu. Mimi niko hapa na cherehani yangu, na leo sishoni.

Ya kofia, ya mikono mirefu, ya losheni, ya kutosimama upande wa jua wakati wa paredi ya asubuhi, hayo sitayaandika. Nimeyasema tangu ukiwa shule ya msingi na umeyashika kuliko mimi. Nakuandikia jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia wewe utaahirisha safari ya Kasulu, na ukiahirisha mimi nitafurahi. Hapo ndipo penye tatizo. Nitafurahi sana.

Ngoja nianze na madoa.

Ulikuwa hujaanza shule yalipotokea. Kwanza mashavuni, kisha mikononi, madoa madogo ya kahawia kama mtu amekurushia chai. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Buigiri. Akakushika uso, akakusogeza mlangoni penye mwanga. Hakutoa salamu ya mbukwa wala hakuuliza habari za nyumbani. Alipiga kigelegele.

“Mkamwana,” akaniambia, “mtoto anaiva! Rangi inamrudia!”

Nami nikaamini. Nani asingeamini? Tangu siku niliyokuzaa nilikuwa nimesikia kila aina ya neno, wodini, dukani, hata kwenye benchi la kanisa, na wewe umelala mgongoni mwangu hujui kitu. Sasa mtoto wangu aliyezaliwa na ualbino anaanza kupata rangi yetu, doa kwa doa. Nilifikiri siku moja yataungana. Nikakuvua kofia, Nyemo. Niliishona mwenyewe na nikakuvua mwenyewe. Tulipokwenda Buigiri, bibi akianika uwele alikukalisha pembeni ya mkeka ili uive vizuri, na jioni tuliyatafuta madoa mapya tukayabusu moja moja. Ulipenda sana mchezo ule. Ulikuwa unatuletea mkono mwenyewe: “Mama, hili jipya!”

Hakuna mtu aliyetudanganya. Kosa la chuki mtu hulistukia mapema. Letu lilikuwa la mapenzi, likakaa miaka.

Ulipofika darasa la tano kikatokea kipele kwenye panja lako la kushoto. Kikapasuka, kikakauka, kikarudi. Nikasema umejikuna. Nikasema ni mbu. Nikakipaka mafuta, nikasema ni joto la Dodoma. Kila nilipokipa jina jipya nilitulia wiki chache. Mwalimu wako ndiye aliyenikalia kooni mpaka nikakupeleka hospitali, nikiwa nimenuna, kwa sababu nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye sauti ya chini. Ukampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniamkia mimi. Akatoa kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kioo cha duara kilichozungukwa na taa ndogo ndogo. Wenyewe wanakiita dermatoskopu. Mimi mpaka leo nakiita taa ya ngozi. Akakipachika kwenye simu yake, akakuambia, “Haiumi, mwanangu. Ni mwanga tu.”

Ukajivuta nyuma. Mwanga tu! Maisha yako yote mwanga ndio uliokuwa ukikuumiza. Saa sita mchana ulikuwa huwezi kufungua macho uwanjani, midomo ilikuwa inakupasuka mpaka unashindwa kula embe. Halafu mtu anakuletea taa usoni anasema ni mwanga tu. Daktari hakukukemea. Aliiwasha kwanza juu ya mkono wake mwenyewe, akakuonyesha, ndipo ukamsogezea wako.

Alianza na doa moja la mkononi. Kwenye simu nikaona weupe tu, ngozi inang'aa. Akabonyeza kitufe, ule mng'ao ukaondoka, nami nikaona ndani. Unakumbuka kisima cha mchangani kule Buigiri? Ukichungulia jua likiwa limewaka huoni kitu isipokuwa mbingu. Ukijifunika khanga kichwani ukainama, unaona mpaka changarawe. Ndivyo ilivyokuwa. Daktari alieleza kwamba mwanga wa taa ile umechujwa, ule unaoruka juu ya ngozi unazuiwa, unaorudi machoni ni ule uliokwisha kuingia chini. Sikuelewa yote na sikuona aibu.

Nilikuzaa, nikakuogesha, nikakupaka mafuta kila siku. Nilidhani naijua ngozi yako kuliko ninavyojua vitambaa vyangu. Siku ile ndipo nilipoiona. Vinyweleo vya dhahabu. Vitundu vya jasho vimejipanga kwa safu. Vimishipa vyembamba kuliko uzi wowote niliowahi kutunga, na damu imo ndani yake, hai. Daktari akibonyeza kioo vinafifia, akiachia vinarudi. Nilisahau kilichotupeleka. Nilisema kwa sauti, “Mungu wangu, huyu fundi alishona kwa sindano gani?”

Daktari akacheka. Akanisogezea simu nitazame vizuri. Lile doa lilikuwa na kingo zenye manyoya manyoya, zuri ajabu, nami nikamwambia kwa fahari, “Hiyo ndiyo rangi yake inamrudia.”

Akanigeukia. “Nani alikuambia hivyo, mama?”

“Wazee wetu. Na mimi naona mwenyewe, yanaongezeka.”

“Yanaongezeka, ndiyo. Lakini hii si rangi inayorudi, mama. Ni alama ya jua. Kila unapoona doa, hapo jua limemchoma.”

Niliyatazama mashavu yako. Yale yote tuliyoyabusu. Nilitaka sakafu ipasuke niingie. Wewe ulikuwa bado unashangaa vinyweleo vyako kwenye simu, unacheka, na kicheko chako ndicho kilichonizuia nisipige kelele.

Kisha akaiweka taa kwenye panja. Hapo palikuwa tofauti, hata mimi nisiyesomea kitu niliona. Badala ya vimishipa vyembamba vilivyotulia, palikuwa na mishipa minene myekundu imepanda juu, imejigawa matawi kwenye uwanja unaong'aa wa waridi. Daktari akaacha kucheka.

“Huu ni mti usiotakiwa kuota hapa,” akasema. “Unajitafutia damu yake.”

“Ni ile saratani?” nikauliza.

“Nina shaka nayo. Mwanga hauhukumu, mama, unanionyesha pa kutilia shaka. Nitakata kipande, maabara ndiyo itakayosema.”

Maabara ilisema ndiyo. Ilisema pia kwamba tumeiwahi. Wakakitoa chote, ukabaki na lile kovu unalolifunika kwa kitambaa chako cha kichwa, na mimi nikabaki na kitu ambacho sijakipatia jina hadi leo. Ni hofu, lakini ina mshangao ndani yake. Mwanga uleule ulioingia kwenye ngozi ya mwanangu ukaiharibu, mtu ameuchukua, ameupunguza, ameuchuja, akaurudisha humohumo kwa upole uende kutafuta ulichoharibu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeona hilo, na Jumapili nyingine padri akihubiri juu ya nuru huwa nakumbuka kile kitufe.

Daktari ndiye aliyetuanzishia mambo ya kigoda. Alisema yeye atakutazama mara chache kwa mwaka, lakini ngozi inatakiwa kutazamwa nyumbani, na mtu yuleyule, mwenye kuijua. Wewe macho yako hayafiki mbali, na hata yangefika, nani ana macho kisogoni? Baba yako asingeweza, binti anakua. Kwa hiyo nikawa mimi. Kila Jumapili, jua likishapinda, ulikaa kwenye kile kigoda karibu na dirisha, ukanipa mgongo, nami nikaanza na sikio la kulia, nyuma ya masikio, shingo, mabega, kushuka.

Nilichokuwa sikitarajii ni maneno. Wewe uso kwa uso ulikuwa mgumu kama jiwe la Dodoma, ukiulizwa habari ya shule unajibu “nzuri” umemaliza. Lakini ukinipa mgongo ulifunguka. Kwenye kigoda kile ndipo uliponiambia walimu wanakuweka nyuma na husomi ubaoni. Ndipo uliponiambia kuna wasichana wamefuta kiti ulipoinuka. Ndipo uliponiambia yule kijana wa kwaya amekuandikia ujumbe, nami nikakubonyeza bega kwa nguvu ukasema, “Mama, umeona doa?” Sikuwa nimeona doa. Nilikuwa nimeona mkwe.

Miaka yote hiyo nilidhani naenda pale kukulinda. Sasa naona nilikuwa naenda kusikiliza. Nilianza kuingoja Jumapili kama watu wanavyongoja mshahara, na nikaanza kuamini kwamba bila macho yangu wewe huna ngozi.

Ndiyo maana ajira yako ya ualimu ilipotoka, ukapangiwa Kasulu, mimi sikupiga kigelegele. Majirani wote wa mtaa wetu wa Kikuyu walikuja kukupongeza, mimi nikauliza, “Huko Kasulu nani atakutazama mgongo?” Nikarudia swali hilo kila siku. Nikakuambia uombe kubaki hapa, makao makuu, shule ziko tele. Nikakuambia unisubiri kidogo, mpaka mwaka ujao. Nilikuwa na hoja nzuri, na ulikuwa huna jibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, ila mzazi naye anajua kuutumia kama fimbo.

Ukajibu kwa kumleta Rehema.

Sitasema uongo, sikumpenda. Ulinieleza mmesoma chuo pamoja, ni mtoto wa Singida, amepangiwa shule moja na wewe, mtakaa nyumba moja. Nikaona msichana mwembamba, anacheka kila kitu, anakula ugali kwa kijiko. Ukasema, “Mama, Jumapili naomba umfundishe Rehema kunitazama.” Ulisema kwa adabu sana. Mimi nilisikia kama mtu anayeniomba nimkabidhi cherehani yangu.

Nikamfundisha, kwa mbwembwe zote za mwalimu asiyetaka mwanafunzi afaulu. “Unaanza sikio la kulia. Hapana, la kulia. Unatandaza nywele hivi.” Nikapita shingo, nikapita mabega, nikafika kiunoni, nikamwambia, “Umeona? Safi.”

Rehema alikuwa ameshika simu yake, na ile lenzi ndogo yenye taa uliyomnunulia imepachikwa. Akarudi shingoni, pale chini kidogo ya nywele, kola inapoishia.

“Mama, samahani,” akasema. “Hapa kuna kitu kinang'aa.”

“Hilo doa ni la siku zote.”

“La siku zote ni hili la pembeni, mama. Hili ni jingine.”

Nikavaa miwani. Sikuona. Nikasogeza kigoda dirishani kabisa, wewe ukiwa juu yake unalalamika, sikuona. Nikapitisha kidole, nikahisi kama punje ya chumvi. Nikamwambia Rehema maneno ambayo uliyasikia na sitayarudia. Nilimwambia ameliona kwa kuwa alikuwa analitafuta, kana kwamba kuna njia nyingine ya kuona kitu. Alinisogezea simu, na kwenye simu nikaiona mishipa miwili mitatu, myekundu, inaanza kugawa matawi. Niliijua mara moja. Niliiona kwenye panja lako miaka ile.

Usiku ule wewe ulidhani nimekasirika. Mwanangu, nilikuwa nimeogopa. Miezi yote hii nimekuwa nikilaumu nyuzi za siku hizi kwamba hazipenyi kwenye sindano, wateja ndio wananitungia. Nilijua. Mtu anajua macho yake. Lakini kila Jumapili nilikalia kitanda nyuma yako nikapitisha vidole, nikasikiliza hadithi zako, nikasema “safi.” Kipele cha panja nilikipa majina, na hili sikulipa hata jina, kwa sababu sikuliona kabisa. Nilikuwa nakuzuia usiende kwa watu wasiojua kutazama, na asiyeona alikuwa mimi.

Hospitalini tulimkuta daktari wetu yuleyule, sasa ana mvi na sauti bado ya chini. Wana runinga ukutani siku hizi, picha ya taa inatokea kubwa. Alipoiweka kwenye shingo yako ukuta mzima ukawa ngozi yako, nami nikashikwa tena, Nyemo, na ule mshangao wa kwanza. Nilitamani nipige magoti. Hata kile kitu kibaya kilikuwa na uzuri wa kutisha, kichipukizi kinachojua kinachokitaka. Rehema alikuwa amesimama pembeni amefungua mdomo. “Kumbe tuko hivi,” akanong'ona, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

“Ni changa sana,” daktari akasema. “Nani ameiona hii?”

Wewe hukugeuka. Ulikuwa unanisubiri, nilijua hivyo kwa mabega yako. Nikasema, “Rehema ndiye ameiona. Mimi sikuiona.”

“Mama, macho yako umepima lini?”

Nikasema sijawahi. Akaandika nipelekwe. Kisha nikamuuliza swali nililokwenda nalo, na nakiri nilimuuliza nikitumaini atanipa silaha. “Daktari, kwa hali hii si abaki kwanza?”

Alikuwa anavua glavu. Akakutazama wewe, akamtazama Rehema. “Nitaitoa leo, kwa ninavyoona itatoka yote. Majibu ya maabara nitampigia. Nyuzi atatolewa hukohuko Kasulu. Mama, aende. Ila aende na huyu.”

Mshono wa daktari shingoni mwako nimeukagua. Ni mzuri, ingawa mwisho amekaza mno.

Basi nimekaa hapa tangu mlipotoka, nikifikiria kile nilichojifunza, na kinanichekesha kidogo. Daktari kunionyesha ndani ya ngozi yako kulinipa kiburi. Nilidhani nikishaona maajabu yale nimekuwa mwenye nayo. Kumbe taa ile haimjui mama wala rafiki. Inamfaa anayeweza kuona, na anayekubali kusema alichokiona hata mbele ya mama mkali mwenye sindano. Mtu wa namna hiyo ukimpata mshike. Siku moja atakuwa mume, labda, na siku hiyo utamfundisha naye, sikio la kulia kwanza. Kwa sasa ni Rehema, na ninakuomba uniombee radhi kwake, maana mimi nikimwomba atacheka.

Na mimi mwezi ujao baba yako ananipeleka kupimwa macho. Wanasema nao wana taa yao ya kutazama ndani. Nitakuambia walichokikuta. Imefika zamu yangu kukaa kwenye kiti na kutazamwa, na nimeshaanza kujiuliza nitaongea nini.

Begi lako la mashuka usishangae uzito wake. Kigoda nimekifunga humo, katikati ya blanketi, miguu imeelekea juu isitoboe. Jumapili jua likishapinda, kiweke karibu na dirisha, ukae, umpe Rehema mgongo. Maneno yatakuja yenyewe, yalikuwa yanakuja hata ukiwa umenuna. Mwambie, mwanangu. Mwambie yale uliyokuwa ukiniambia mimi.

Machache tu nibakizie.

Mama yako